Kupima Kuyeyuka kwa Barafuto za Aktiki: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Kigingi cha alumini, keekee, tepu ya kupimia, ubao mfupi na penseli. Ukiwa na vitu hivyo vitano unaweza kupima jinsi uso wa barafuto, yaani mto wa barafu unaoteremka polepole kutoka mlimani, unavyoyeyuka pale ulipokichomeka kigingi, na kipimo chako kikaaminika kuliko picha yoyote ya setilaiti ya mahali hapo. Nimeanza na hili kwa sababu vijana wanaotaka kuingia kazi hii huniuliza kwanza kuhusu droni na vihisi vya umeme. Vitakuja, na nitavieleza. Lakini vyote hukaguliwa kwa kigingi, na asiyejua kukisoma kigingi hawezi kujua kifaa chake kimeharibika lini.

Mfano wangu katika mwongozo huu ni Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyoko kati ya bara la Ulaya na Ncha ya Kaskazini. Karibu na kijiji cha utafiti cha Ny-Ålesund, takriban nyuzi 79 Kaskazini, kuna barafuto ndogo ya Austre Brøggerbreen, ambayo Taasisi ya Polar ya Norwe imekuwa ikiipima tangu 1967. Jirani yake Midtre Lovénbreen imepimwa tangu 1968, na Kongsvegen, iliyo kubwa zaidi, tangu 1987. Ukikutana na jina linaloishia na "breen" huko, ujue ni barafuto. Ndiyo maana ya neno hilo kwa Kinorwe. Nusu karne na zaidi ya vigingi, msimu baada ya msimu, ndiyo inayotuwezesha leo kusema barafuto hizo zinapungua, na kwa kiasi gani.

Msomaji wa Mombasa au Mtwara anaweza kuuliza linamhusu nini. Linamhusu kuliko linavyowahusu walio jirani na barafu hiyo. Bamba la barafu linaloifunika Greenland, kisiwa kikubwa cha Aktiki, ni zito kiasi kwamba linayavuta maji ya bahari kuelekea kwake. Linapopungua, mvuto huo nao hupungua, na maji husogea mbali. Kwa hiyo bahari iliyo karibu na Greenland hupanda kidogo sana au hata kushuka, na pwani za mbali, zikiwemo za tropiki, hupanda kuliko wastani wa dunia.

Jua kwanza unapima nini

Kuna mambo matatu ambayo huchanganywa, na aliyeyachanganya hawezi kurekebisha baadaye.

La kwanza ni kushuka kwa uso: jana barafu ilifika hapa, leo iko sentimita 4 chini. La pili ni uzito uliopotea, nao huandikwa kwa milimita za maji. Milimita 1 ya maji ni kilo 1 kwa kila mita ya mraba. Sentimita 10 za barafu ngumu zina maji mengi kuliko sentimita 10 za theluji, kwa hiyo kushuka kwa uso peke yake hakusemi ni maji kiasi gani yametoka. La tatu ni maji yaliyoondoka kabisa kwenye barafuto. Sehemu za juu, ambako theluji ya miaka iliyopita bado ipo, maji yanayoyeyuka huzama ndani na kuganda tena. Uso umeyeyuka kweli, lakini barafuto haijapoteza kitu. Kigingi husoma la kwanza. Ukiongeza densiti, yaani uzito wa kila mita ya ujazo, unapata la pili. La tatu linahitaji shimo la theluji, na mara nyingine mtambo wa kupima mto unaotoka chini ya barafuto.

Lipo jambo la nne, na hili huwakwaza hasa watu wa droni. Barafu inatembea. Sehemu ya chini ya barafuto huwa inasukumwa juu kidogo na barafu inayokuja kutoka mlimani. Ukipiga picha za droni Juni na Septemba, ukatoa kimo kimoja kwa kingine, utapata tofauti ndogo kuliko iliyoyeyuka, kwa sababu chini kulikuwa kunajazwa wakati juu kunapungua. Kigingi hakina shida hiyo: kimegandana na barafu, kinatembea nayo, kinapanda nayo, na kinachoonekana juu ya uso ni kilichoyeyuka tu.

Kuchagua mahali

Chora mstari katikati ya barafuto kutoka mdomoni, yaani mwisho wake wa chini, hadi juu, kisha weka kigingi kila unapopanda mita 50 hadi 100 za kimo. Kwa barafuto ndogo, vigingi kumi hivi vinatosha. Katika kimo kimoja au viwili, ongeza kimoja kushoto na kimoja kulia, ili ujue kivuli cha mlima kinafanya nini.

Epuka nyufa, mifereji ya maji, na mahali ambapo mawe yameporomoka. Usikwepe uchafu wa kawaida, lakini. Nimeona wanaoanza wakitafuta sehemu safi na nyeupe kwa sababu inapendeza kwenye picha. Kama theluthi moja ya uso wa eneo lako ni kijivu, kigingi kilichokaa kwenye weupe kitakupa jibu lisilo la barafuto hiyo.

Usalama kabla ya vipimo

Usiende peke yako. Svalbard sheria inakutaka uwe na njia ya kumfukuza dubu mweupe unapotoka nje ya makazi, na kwa kazi ya siku nzima hiyo ina maana ya bastola ya fataki pamoja na bunduki, mikononi mwa mtu aliyefunzwa. Tangu 1 Januari 2025 ni lazima kukaa angalau mita 300 kutoka kwa dubu, na mita 500 kati ya 1 Machi na 30 Juni. Mmoja wenu asimame macho mazingirani wakati wengine wameinamia keekee. Pokezaneni, baridi humchosha mlinzi haraka kuliko mfanyakazi.

Juu ya theluji ya Aprili na Mei, nyufa zimefunikwa na huzioni. Fungeni kamba, kila mtu avae mkanda wa mwili, na kila mtu awe amefanya mazoezi ya kumtoa mwenzake kwenye ufa kabla hamjafika huko. Konrad Steffen, mwanasayansi wa Uswisi aliyeanzisha kambi ya Swiss Camp huko Greenland mwaka 1990 na kupima barafu kwa miongo mitatu, alifariki Agosti 2020 alipotumbukia kwenye ufa karibu na kambi hiyo hiyo. Alikuwa anapajua mahali pale kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Barafu hubadilika, na njia ya mwaka jana huenda isiwe njia mwaka huu.

Kutoboa shimo na kusimika kigingi

Safari ya kwanza hufanyika Aprili au mwanzoni mwa Mei, theluji ikiwa bado nene na pikipiki za theluji zinaweza kupita.

Kwanza kadiria kitakachoyeyuka. Mdomoni mwa barafuto ndogo ya Svalbard, tarajia mita moja hadi mbili za barafu, na zaidi mwaka wa joto. Kwenye ukingo wa bamba la Greenland upande wa mji wa Kangerlussuaq, magharibi, ambako Chuo Kikuu cha Utrecht cha Uholanzi kimekuwa na mstari wa vigingi tangu 1990, sehemu za chini hupoteza zaidi ya mita 3 za maji kwa mwaka. Chukua makadirio yako, ongeza nusu yake, kisha ongeza mita moja ya kubaki ndani ya barafu mwisho wa msimu. Ukikadiria mita 2 unapata mita 4 za kigingi ndani ya barafu; ukikadiria zaidi ya 3, karibu mita 6. Tumia vipande vya mita 2 vilivyounganishwa kwa bomba jembamba la ndani.

Keekee ya mkono au ya betri yenye ncha za parafujo inatosha kwenye barafu baridi. Siri yake ni kutoa unga wa barafu mara kwa mara. Toboa sentimita 30, inua, kung'uta, rudi. Mvivu wa kung'uta hukwama: unga hugandamana kuzunguka chuma, na keekee ya gharama kubwa inabaki chini pamoja na siku yako. Keekee ya mvuke, yenye jiko la gesi, chungu cha maji na mpira mrefu wenye ncha ya shaba, hufanya kazi kwa wepesi zaidi, lakini barafuto nyingi za Svalbard tabaka lake la juu liko chini ya nyuzi 0, kwa hiyo shimo lililojaa maji huanza kuganda ukiwa bado unalitazama. Toa mpira mara unapofika kina ulichotaka.

Alumini hupitisha joto. Kigingi kinachopigwa na jua huku juu hupeleka joto hilo chini, kikayeyusha barafu kilipokalia na kuzama kidogo kidogo. Kikizama sentimita 5, wewe utaandika kuyeyuka pungufu kwa sentimita 5 na hutagundua. Ziba mwisho wa chini kwa kizibo cha mbao au plastiki, na hakikisha kigingi kimekaa kabisa kwenye sakafu ya shimo. Kigingi cha mbao kina shida iliyo kinyume: shimo likiwa na maji, mbao huelea na kigingi hupanda. Barafu ya mdomoni ikiwa yenye majimaji, tumia alumini.

Usiache zaidi ya mita 2 juu ya uso kama unaweza kurudi katikati ya msimu kukirekebisha. Upepo hutikisa kigingi kirefu, shimo hupanuka, kisha kinavunjika.

Mwisho, kabla ya kuondoka: piga namba ya kigingi kwenye chuma chenyewe kwa nyundo na herufi za chuma. Wino wa kalamu hauwezi kuhimili jua la miezi minne lisilotua. Andika urefu wote wa kigingi, urefu uliomo ndani ya barafu, na mahali kilipo kwa GPS.

Kusoma kigingi

Hapa ndipo data nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pima daima kutoka ncha ya juu ya kigingi kushuka hadi usoni. Usipime kutoka alama uliyochora katikati. Alama hufutika, ncha haifutiki. Unapoongeza au kupunguza kipande, soma kabla na soma baada, andika yote mawili na ueleze kilichobadilika.

Ukisogelea kigingi utaona kuna kikombe kidogo kimeyeyuka kukizunguka, mara nyingine kimejaa maji. Hicho ni kazi ya kigingi chenyewe, hakihesabiki. Laza ubao wa sentimita 50 usoni, ukiegemea kigingi, usome pale sehemu ya chini ya ubao inapokigusa. Zungusha ubao robo, soma tena. Fanya pande nne, andika zote nne, wastani utautafuta nyumbani. Kwenye barafu ya Julai, tofauti kati ya pande hizo inaweza kufika sentimita kadhaa, na tofauti hiyo ndiyo inayokueleza kosa la kipimo chako ni kubwa kiasi gani.

Kigingi kikiwa kimelala, pima pembe. Mita 2 zilizoinama nyuzi 20 zina kimo cha wima cha mita 1.88 tu. Lakini usikimbilie kusahihisha hapo hapo. Jiulize kwanza kimeinamia wapi: kama kimepindwa na theluji pale usoni, kinyooshe usome urefu wote; kama kimelala kwa sababu kimebakiza sentimita chache ndani ya barafu, kipimo hicho kina shaka na kigingi kinahitaji shimo jipya leo.

Kila usomaji uandikwe ni hadi kwenye nini. Msimu wangu wa kwanza niliandika "1.46" kwenye daftari, kigingi baada ya kigingi, nikiamini nitakumbuka. Niliporudi mezani sikuweza kujua kama namba zile zilikuwa hadi juu ya theluji, hadi kwenye barafu, au hadi kwenye tope la theluji lililokuwa katikati yao. Vigingi vitatu vya wiki ile vilipotea, na hakuna hesabu ya kuvirudisha. Tangu siku hiyo naandika neno zima: theluji, tope, barafu ya zamani, barafu mpya. Tarehe na saa pia, kwa saa za UTC, kwa sababu jua lisilotua hukufanya usahau kama umepima saa nne asubuhi au saa nne usiku.

Halafu kuna ganda la juu. Siku za jua kali na upepo mdogo, mwanga huingia ndani ya barafu na kuiyeyusha sentimita kadhaa chini ya uso. Uso haushuki sana, lakini barafu inakuwa na vitundu, nyeupe, yenye chembe kubwa. Ukiikanyaga inavunjika chini ya kiatu kama sukari guru kavu. Uzito umeshapotea na kigingi hakijaonyesha. Kisha inakuja siku ya mawingu, mvua na upepo, ganda lote linaanguka, na kigingi kinaonyesha sentimita nyingi kwa siku moja. Anayesoma kila siku atadhani mvua imeyeyusha barafu yote ile. Soma kila siku kama unataka kuelewa mchakato, lakini toa hitimisho kwa vipindi vya wiki moja au zaidi.

Theluji ipimwe kwa mzani

Barafu ngumu ina densiti ya kilo 917 kwa mita ya ujazo, na kwa hesabu ya vigingi wengi hutumia 900 kwa sababu ya mapovu na nyufa ndogo. Theluji haina namba moja. Iliyoanguka jana inaweza kuwa nyepesi kuliko nusu ya iliyokaa tangu Oktoba. Lazima uchimbe.

Chimba shimo hadi kwenye barafu, ukuta mmoja ukiwa umelipa jua mgongo, yaani uko kivulini. Chukua silinda yenye ujazo unaojulikana, tuseme sentimita za ujazo 500, isukume ukutani kwa ulalo kuanzia juu hadi chini, kila mara ukipima uzito kwa mizani ya kuning'iniza. Gramu 190 ndani ya silinda hiyo ni kilo 380 kwa mita ya ujazo. Shimo moja au mawili yanatosha kwa barafuto ndogo, kwa kuwa densiti hubadilika kidogo kutoka mahali hadi mahali. Kina ndicho hubadilika sana, kwa hiyo choma fito ya chuma penye vigingi na kati yao. Ukigonga kitu kigumu, usikubali upesi: ndani ya theluji ya Svalbard huwa na tabaka za barafu zilizotokana na mvua ya majira ya baridi. Choma mara tatu kuzunguka. Kina cha kweli kitajirudia.

Hesabu, kwa mfano mmoja

Tuchukue kigingi kimoja cha mfano.

Vuli iliyopita (mwisho wa msimu wa kuyeyuka, karibu Septemba): kutoka ncha hadi barafu, mita 2.23.
25 Aprili: kutoka ncha hadi theluji, mita 0.85. Kina cha theluji, mita 1.30. Densiti, kilo 380.
4 Septemba: kutoka ncha hadi barafu, mita 3.40.

Aprili, barafu ilikuwa mita 0.85 + 1.30, yaani 2.15 kutoka ncha. Lakini vuli ilikuwa 2.23. Barafu imepanda sentimita 8 wakati wa baridi. Hukukosea: maji ya mvua au ya joto la muda yalipita kwenye theluji, yakagota kwenye barafu baridi na kuganda juu yake. Kongsvegen na jirani zake hii ni sehemu muhimu ya mapato ya mwaka, yaani theluji na barafu inayoongezeka, na asiyeitafuta huipoteza.

Mapato ya baridi: theluji 1.30 × 380 = milimita 494 za maji. Barafu mpya 0.08 × 900 = 72. Jumla 566.

Kuyeyuka kwa kiangazi: theluji yote 494, na barafu kutoka 2.15 hadi 3.40, yaani mita 1.25 × 900 = 1,125. Jumla 1,619.

Mwaka mzima: 566 kutoa 1,619 ni hasi 1,053. Sasa hakiki kwa njia nyingine: vuli hadi vuli, barafu imeshuka kutoka 2.23 hadi 3.40, mita 1.17 × 900 = 1,053. Namba zimekutana. Zisipokutana kwenye daftari lako, usiendelee mbele. Kuna usomaji mmoja uliokosewa, na ni rahisi kuupata kabla hujasahau siku hiyo ilikuwaje.

Vifaa vinavyojisomea

Kigingi hakisemi kuyeyuka kulitokea Julai au Agosti kama hukuwepo. Hapo ndipo vifaa vya umeme vinapostahili gharama yake.

Kifaa cha mwangwi hupiga mlio kuelekea usoni na kuhesabu muda wa kurudi. Kasi ya sauti hutegemea joto la hewa, kwa hiyo lazima kiwe na kipimajoto chenye kivuli kando yake. Kama kifaa kinahesabu kwa kasi ya nyuzi 0 na hewa iko nyuzi 10, mita 2.00 kilizosoma ni mita 2.036 kwa kweli. Sentimita 3.6 za kosa ni sawa na siku nzima ya kuyeyuka. Kisahihishe kwa kuzidisha usomaji na kipeuo cha pili cha (joto la hewa kwa Kelvin ÷ 273.15). Kelvin ni nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273.15.

Muhimu zaidi ni kujua kifaa kimesimama juu ya nini. Kituo cha hali ya hewa chenye miguu mitatu kilichokaa juu ya barafu hushuka pamoja na uso. Kifaa cha mwangwi kilichofungwa hapo kitaona theluji ikija na kwenda, lakini barafu ikiyeyuka mita 2 kitasoma umbali ule ule, maana chenyewe nacho kimeshuka mita 2. Ndiyo maana mradi wa PROMICE, ulioanzishwa 2007 na GEUS, taasisi ya jiolojia ya Denmark na Greenland, huweka vifaa viwili: kimoja kwenye miguu mitatu kwa ajili ya theluji, kingine kwenye vigingi vilivyotobolewa ndani kwa ajili ya barafu. Huongeza na cha tatu ninachokipenda kwa uimara wake: mpira mrefu uliojaa kimiminika kisichoganda, umezamishwa mita nyingi ndani ya barafu, na chini kabisa kuna kihisi cha kanieneo. Barafu inapoyeyuka, mpira unalala chini usoni, nguzo ya kimiminika iliyo juu ya kihisi inafupika, na kanieneo inapungua. Hakuna cha kuangushwa na upepo.

Setilaiti nazo tuzielewe. Tarehe 12 Julai 2012 zilionyesha karibu uso wote wa Greenland ukiwa umelowana, hata kileleni. Hiyo ni habari kubwa, lakini ni habari ya wapi kumelowana, haisemi ni milimita ngapi zimeyeyuka. Milimita hizo zilitoka kwenye vigingi, vituo na modeli zilizokaguliwa navyo.

Kukagua kwa jua na kwa joto

Ukipata namba kutoka kigingini, jiulize kama nishati ya kuifanya ilikuwepo. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo nyuzi 0 kunahitaji kilojuli 334. Tuseme jua la wastani wa siku nzima ni wati 250 kwa mita ya mraba. Theluji safi hurudisha asilimia 80, inabakiza wati 50, na hizo zinatosha kuyeyusha karibu milimita 13 za maji kwa siku. Barafu tupu yenye vumbi hurudisha asilimia 40, inabakiza wati 150: karibu milimita 39. Jua ni lile lile. Kwa hiyo tarehe theluji inapoisha na barafu kubaki wazi ni kipimo cha kuandikwa kwa uangalifu sawa na kigingi chenyewe. Piga picha mahali pale pale kila ufikapo.

Tazama pia vishimo vidogo vyenye tope jeusi chini. Adolf Erik Nordenskiöld aliviona Greenland mwaka 1870 na kuuita udongo wake kriokonaiti: vumbi, masizi na viumbe vidogo vinavyofyonza jua na kujichimbia. Ubao wako usiulaze juu ya kishimo.

Njia nyepesi ni ya nyuzi-siku: jumlisha wastani wa joto wa kila siku iliyo juu ya 0, zidisha na milimita 3 hadi 5 kwa theluji, au 6 hadi 9 kwa barafu. Wiki ya nyuzi 5 ni nyuzi-siku 35. Kwa barafu, ukichukua milimita 7, ni milimita 245. Kigingi kikisema 60 au 600, rudi ukakitazame.

Njia hii usiihamishie Kilimanjaro. Kule juu hewa ni kavu na baridi, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji, jambo linalokula nishati mara nane na zaidi ya kuyeyusha. Vigingi vitafanya kazi vizuri, kama vilivyofanya kazi kwenye barafuto ya Lewis ya Mlima Kenya. Hesabu ya nyuzi-siku itakudanganya.

Kutoka vigingi hadi barafuto nzima

Chora grafu: kimo kwa upande mmoja, kuyeyuka kwa upande mwingine. Pitisha mstari. Kisha gawa barafuto kwa mikanda ya kimo ya mita 50, chukua eneo la kila mkanda kwenye ramani, zidisha na thamani ya mstari katikati ya mkanda huo, jumlisha, gawa kwa eneo lote. Tumia ramani mpya. Barafuto imepungua mdomoni, na ramani ya miaka 20 iliyopita itahesabu barafu ambayo leo ni mawe matupu.

Safari ya vuli

Rudi mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba, kabla theluji mpya haijatulia. Ikikutangulia, pima kina chake na uiandike kando. Ni ya mwaka unaofuata. Soma kila kigingi kwa ubao, pande nne. Kilichobakiza chini ya mita 1.5 ndani ya barafu, toboa shimo jipya mita moja kando yake, simika kipya, na usome vyote viwili siku hiyo hiyo kabla ya kuking'oa cha zamani, ili mfululizo usikatike. Vipande vilivyoanguka uvikusanye na kushuka navyo.

Jioni, kabla ya kula, mwombe mwenzako anakili daftari lote kwa mkono wake, na upige picha kila ukurasa.